Chumvi ya Uvinza na Siasa ya Magonjwa Yasiyoambukiza

Jina tunaloyaita magonjwa haya lina kasoro tangu mwanzo. Tunayaita "yasiyoambukiza", yaani tunayatambulisha kwa jambo yasilolifanya. Kipindupindu kikiingia Kigoma, kila mtu anajua wajibu wa Serikali: visima vitiwe dawa, vyoo vikaguliwe, vyakula vya barabarani vizuiwe. Lakini mkazi wa Buzebazeba akianguka kwa kiharusi, msiba unakuwa wa nyumba yake peke yake. Ndugu wanaulizana alikuwa akila nini, kwa nini hakufanya mazoezi, kwa nini aliacha dawa. Kwa kuwa ugonjwa wake haumrukii jirani, tunadhani kwamba hata chanzo chake kimeanzia na kuishia ndani ya mwili wake.

Makala haya yanaipinga dhana hiyo kwa ushahidi wa historia, na ushahidi wenyewe unatoka katika mkoa huohuo wa Kigoma. Kabla ya shinikizo la damu na kisukari kuwa gumzo la vijiwe, ukanda wa Ziwa Tanganyika ulikuwa na ugonjwa mwingine usioambukiza, ulioonekana waziwazi kwenye shingo za watu: rovu. Rovu halikupungua kwa mahubiri kuhusu tabia njema. Lilipungua pale dola ilipokubali kwamba shingo ya mwananchi ni jambo la umma, ikaenda kulitafutia dawa mahali chumvi inapotengenezwa.

Shingo inapoeleza habari za udongo

Rovu ni kuvimba kwa tezi iliyo mbele ya shingo. Tezi hiyo hutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji wa mwili, joto lake na ukuaji wa ubongo, na haiwezi kuzitengeneza bila madini joto. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu za madini hayo kwa siku. Mahitaji ya maisha yake yote hayajazi kijiko cha chai. Yakikosekana, tezi hujitanua ikijaribu kunasa kila chembe inayopita katika damu, na kutanuka huko ndiko tunakokuita rovu.

Uvimbe huo ni sehemu ndogo ya madhara. Mama mjamzito asiyepata madini joto ya kutosha yuko katika hatari ya kuharibikiwa na mimba au kuzaa mtoto mfu. Mtoto anayenusurika anaweza kuzaliwa kiziwi na bubu, au akadumaa mwili na akili. Wengi zaidi huzaliwa wakiwa wazima kwa sura, lakini uwezo wao wa kujifunza umepunguzwa kabla hawajavuta pumzi ya kwanza. Tukimwona mtoto wa namna hiyo darasani, tunamwita mvivu.

Chanzo chake ni jiografia. Mvua za miaka elfu na elfu zimesomba madini joto kutoka katika udongo wa milima na nyanda za juu. Mmea unaoota kwenye udongo huo hauna cha kumpa mlaji, na mbuzi anayekula mmea huo naye hana. Samaki wa ziwani ni chakula bora kwa mambo mengi, lakini samaki wa maji baridi kwa kawaida hawana madini joto kwa kiwango cha samaki wa baharini. Ndiyo maana rovu lilishamiri katika nyanda za juu za kusini, katika maeneo ya Kagera na Kilimanjaro, na katika nchi ya Waha na majirani zao mkoani Kigoma. Hakuna mtu aliyemwambukiza mwenzake, ila wote walikula kutoka katika udongo mmoja.

Chumvi ya kale isiyotosha

Yapo mambo ya kushangaza katika historia hii. Watu hawa hawakuwa maskini wa chumvi. Uvinza, kilometa zipatazo mia moja kutoka Kigoma kwa njia ya reli, kuna chemchemi za maji ya chumvi karibu na makutano ya mito Ruchugi na Malagarasi. Wanaakiolojia waliochimba hapo mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuta dalili kwamba watu walikuwa wakichemsha maji hayo katika vyungu tangu karne ya 5 au ya 6 Baada ya Kristo. Hiyo ni sekta ya uzalishaji yenye umri wa takribani miaka 1,500, iliyoanza kabla hapajawa na Ujiji ya misafara na kabla ya mipaka yote ya leo.

Katika karne ya 19 watemi wa Uvinza walisimamia chemchemi hizo na kutoza ushuru kwa waliokuja kuchemsha. Watu walikuja kutoka pande nyingi, na chumvi iliyofungwa katika mizigo ilisafiri hadi kandokando ya ziwa na mbali zaidi. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1858 akielekea Ujiji, aliiandika habari ya chumvi hiyo na ya biashara yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani waliichukua kazi hiyo kutoka mikononi mwa wenyeji na kuifanya mali ya kampuni. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, chumvi ya Uvinza ilipata njia ya haraka ya kwenda kwenye masoko ya mashariki na ya ziwani.

Hivyo chumvi ilikuwapo na iliingia katika kila chungu. Lakini chumvi peke yake haina madini joto ya kutosha, iwe imechemshwa kutoka chemchemini au imekaushwa kutoka majini mwa bahari. Wengi hudhani chumvi ya bahari ina kinga ndani yake, sivyo. Kwa karne kumi na tano chumvi ya Uvinza iliwapa watu ladha, mapato na hata madaraka, lakini haikuwapa kinga ya rovu. Kinga hiyo ilihitaji mtu mwingine aitie kwa makusudi.

Muhogo na elimu iliyopotea

Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, mto Ruzizi unateremka kutoka Ziwa Kivu, na katika Ziwa Kivu kuna kisiwa cha Idjwi, upande wa Kongo. Kuanzia miaka ya 1960 watafiti François Delange na André-Marie Ermans walikuta jambo la ajabu kisiwani humo. Kaskazini, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi, waliokuwa nalo walikuwa wachache sana. Lakini upungufu wa madini joto ulikuwa karibu sawa pande zote mbili. Uchunguzi uliwafikisha kwenye muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mwili unapoivunja sumu hiyo, mabaki yake huizuia tezi ya shingo kuchukua hata madini joto machache yaliyopo.

Msomaji wa Kigoma asikimbilie kuulaumu ugali wa muhogo. Bibi zetu walijua kuuloweka, kuuvundika na kuuanika hadi sumu ikatoka. Hatari huja pale njaa, vita au haraka ya soko inapofupisha kazi hiyo. Tulipata somo hilo hapa nchini mwaka 1985 wilayani Tarime, wakati wa ukame, ambapo watu, wengi wao wakiwa watoto na wanawake, walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Uchunguzi ulioongozwa na daktari William Howlett uliuhusisha ugonjwa huo na muhogo mchungu ambao haukuandaliwa kwa muda unaotakiwa. Konzo nao hauambukizi, lakini ulizipiga kaya nyingi kwa pamoja kwa sababu zilikuwa zimefikwa na ukame mmoja.

Tunachojifunza Idjwi na Tarime ni kwamba ugonjwa usioambukiza hupita katika mifereji ya kijamii: bei ya chakula, hali ya mvua, muda alio nao mwanamke wa kuandaa unga. Mtu hawezi kuiziba mifereji hiyo kwa nidhamu yake binafsi.

Dola inapoingia jikoni

Dawa ya rovu haikuwa siri. Uswisi ilianza kuuza chumvi yenye madini joto mwaka 1922, na jimbo la Michigan nchini Marekani lilifuata mwaka 1924. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza. Elimu ilikuwapo na chumvi ilikuwa ikitengenezwa palepale Uvinza, lakini miongo ilipita bila viwili hivyo kukutanishwa kwa ajili ya Mwafrika wa Buha. Hapa ndipo historia ya tiba inapogeuka kuwa historia ya siasa: swali halikuwa kama dawa inajulikana, bali ni shingo ya nani inayohesabika.

Mabadiliko yalikuja baada ya Uhuru, na hayakuja kwa siku moja. Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa taasisi hiyo, pamoja na wenzao wa nje, walizunguka mashuleni na vijijini wakipapasa shingo za watoto na kuhesabu. Makadirio yao yalionyesha kwamba takribani robo ya Watanzania waliathirika. Kuanzia mwaka 1986 Serikali ilianza kugawa kapsuli za mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizokuwa na hali mbaya zaidi, zikiwamo za mkoa wa Kigoma. Kapsuli hizo zilikuwa hatua ya dharura, kwa sababu kinga yake hudumu mwaka mmoja au miwili tu.

Suluhisho la kudumu lilikuwa chumvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mitambo ya kunyunyizia madini joto ilianza kufungwa kwa wazalishaji, na katikati ya muongo huo kanuni ziliifanya kazi hiyo kuwa lazima kwa chumvi yote ya chakula. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta rovu kwa asilimia 7 hivi ya watoto wa shule waliopimwa, na zaidi ya nne ya tano ya kaya zilikuwa zikitumia chumvi yenye madini joto. Katika muda usiofika miaka 20, ugonjwa uliodumu kwa vizazi ulikuwa umerudishwa nyuma.

Tusiipambe historia hii kupita kiasi. Wachumi kadhaa walichapisha mwaka 2009 utafiti unaodai kwamba watoto ambao mama zao walipata kapsuli walisoma kwa muda mrefu zaidi, hasa wasichana. Watafiti wengine waliorudia hesabu hizo hawakukubaliana nao kuhusu ukubwa wa faida hiyo. Wazalishaji wadogo wa chumvi nao mara nyingi walibaki nje ya mpango, kwa kukosa mtaji au usimamizi. Hata hivyo, kiini cha mafanikio hakina ubishi. Mama wa Kigoma hakutakiwa kusoma kijitabu, kujiunga na klabu ya mazoezi wala kujilaumu. Alinunua chumvi kama alivyozoea, na safari hii chumvi ilikuja na kinga yake. Kazi ngumu ilikuwa imefanywa na watu waliolipwa na umma kwa ajili hiyo.

Kutoka shingoni hadi kwenye mshipa wa damu

Sasa tugeukie magonjwa ya leo. Wapo wanaodhani kwamba presha ni ya asili kwetu, au ni matokeo ya uzee tu. Historia inasema vingine. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya, alichapisha vipimo vya shinikizo la damu la Waafrika wa huko. Alikuta kwamba shinikizo lao halikupanda umri ulipoongezeka, tofauti na alivyozoea kuona Ulaya. Mwaka 1960 Hugh Trowell, aliyetibu Mulago na kufundisha Makerere kwa miaka mingi, alitoa kitabu kizima kuhusu magonjwa yasiyo ya maambukizi barani Afrika. Katika miaka yake ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Mwafrika ulikuwa nadra kiasi kwamba mwaka 1956 yeye na mwenzake walichapisha taarifa ya mgonjwa mmoja tu.

Tusome maandiko hayo kwa tahadhari, maana yaliandikwa katika mazingira ya kikoloni na mara nyingine yalibeba dhana za rangi. Lakini utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba damu ya Mwafrika haikuwa na hirizi. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya kuwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini Nyanza kwenda Nairobi. Katika miezi ya kwanza tu mjini, shinikizo lao la damu lilipanda juu ya lile la wenzao waliobaki nyumbani. Uzito uliongezeka, na mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi na potasiamu pungufu, kwa maana walikuwa wamehama kutoka chakula cha shambani hadi chakula cha mji. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kile ambacho mazingira mapya yaliwawekea mezani.

Nchini kwetu, utafiti wa vijiji sita uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya mtu mmoja katika kila 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1 wakiwa na kisukari na takribani asilimia 26 wakiwa na shinikizo la juu la damu. Tafiti hizi mbili hazikufanana kwa mbinu wala kwa watu waliopimwa, hivyo haifai kuzitoa moja kwa nyingine kama hesabu ya dukani. Lakini mwelekeo wake unatisha, na ongezeko la namna hii ndani ya kizazi kimoja haliwezi kuelezwa kwa uvivu wa mtu mmojammoja. Hakuna taifa linalokuwa la walafi kwa ghafla.

Cha kustaajabisha zaidi, chumvi imerudi jukwaani ikiwa na sura ya pili. Ileile iliyobeba kinga ya rovu, ikizidi, hupandisha shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawasawa na kijiko kimoja cha chai. Baadhi ya watu wamehitimisha kwamba waache chumvi yenye madini joto. Hilo ni kosa. Kinachotakiwa ni chumvi kidogo yenye madini joto ya kutosha, na shirika hilo linaeleza kwamba malengo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja, kwa sababu kiwango cha madini joto kinaweza kurekebishwa kiwandani.

Buzebazeba inaweza kufanya nini?

Taifa lina mkakati wa magonjwa yasiyoambukiza, na tangu mwaka 2019 lina mpango wa kitaifa wa kuyakinga na kuyadhibiti. Hilo ni jema. Wasiwasi wangu ni kwamba mipango hii inapoteremka hadi ngazi ya kata hugeuka kuwa wito: fanyeni mazoezi, punguzeni mafuta, pimeni afya. Wito huo ni wa kweli, lakini peke yake unamtwika mwananchi mzigo ambao historia ya rovu inaonyesha haubebeki na mtu mmoja.

Kata kama Buzebazeba, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, haina mamlaka ya kutunga sheria ya viwanda. Hata hivyo ina mambo iliyo nayo mkononi. La kwanza ni chumvi inayouzwa kwa kupimwa sokoni. Kipo kipimo rahisi cha matone ya wanga, ambayo hugeuza chumvi kuwa ya buluu au zambarau ikiwa ina madini joto. Ofisa afya anaweza kukitumia mbele ya muuzaji na mnunuzi, na matokeo yakasomwa katika mkutano wa mtaa. Upungufu wa madini joto hauishi kabisa; udongo wetu bado ni uleule, na kizazi kitakachoachiwa chumvi tupu kitaota rovu upya.

La pili ni kupima shinikizo la damu kama kazi ya kila siku ya zahanati, badala ya shughuli ya maadhimisho. Presha haina maumivu ya kumpeleka mtu hospitali. Lazima itafutwe, kama vile wataalamu wa miaka ya 1980 walivyozitafuta shingo za watoto. Akigunduliwa mgonjwa, dawa isikatike, na utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 upimwe kwa kigezo hicho.

La tatu ni mpango wa ardhi. Kiwanja cha michezo kikimegwa na njia ya waenda kwa miguu ikizibwa, mwito wa mazoezi unabaki kejeli. Diwani anayelinda eneo la wazi anafanya kazi ya tiba, hata kama hajavaa koti jeupe.

La nne linahusu mafuta, na ni la ngazi ya Taifa. Mwaka 1987 Mauritius iliamua kubadilisha mafuta ya kupikia yaliyokuwa yakigawiwa kwa bei nafuu, kutoka ya mawese hadi ya soya kwa sehemu kubwa. Ilipofika mwaka 1992, kiwango cha lehemu katika damu ya wananchi kilikuwa kimeshuka kwa kiasi kikubwa. Sisemi Kigoma ing'oe michikichi yake. Mawese mekundu yana viini vya vitamini A ambavyo mafuta yaliyosafishwa viwandani hupoteza, na ni riziki ya maelfu ya kaya. Ninasema tu kwamba aina ya mafuta yanayofika katika sufuria ya maskini huamuliwa na kodi, ruzuku na vibali, na maamuzi hayo yanafanywa na watu wenye majina na vyeo. Wanafunzi na wanaharakati wawaulize.

Mtu atauliza: je, mtu binafsi hana wajibu? Anao. Sigara huwashwa na mkono wa mvutaji mwenyewe, na pombe haijinywi. Lakini wajibu wa mtu huanzia pale anapokuwa na uchaguzi, na uchaguzi hutengenezwa. Mama aliyekuwa akinunua chumvi Ujiji mwaka 1980 hakuwa na uchaguzi wowote kuhusu madini joto. Miaka 20 baadaye mwenzake alikuwa nao bila hata kujua, kwa sababu kuna mtumishi wa umma aliyefuatilia mtambo, mkaguzi aliyezuia gunia lisilofaa, na mwalimu aliyepanga watoto mstari ili shingo zao zipimwe. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wana kazi kama hiyo mbele yao leo, na wengi wa watakaookolewa hawatajua kamwe ni nani aliyewaokoa.